Jino Lililotoboka: Lizibwe au Ling'olewe?

Katika vijiji vyetu vya Nachingwea na Ruangwa mtu akiumwa jino husema neno moja tu: "Nakwenda kung'oa." Hasemi "nakwenda kutibiwa jino". Akiumwa jicho hasemi anakwenda kung'oa jicho. Akiumwa kidole hasemi anakwenda kukata kidole. Lakini jino, basi, ni kung'oa tu.

Leo tunajifunza kwamba jino lililotoboka kiasi linaweza kutengenezwa likatumika miaka mingi. Tutasoma pia jinsi ya kujua kama jino letu bado linatengenezeka, na mambo ya kumwuliza daktari. Someni polepole. Penye neno gumu, tazameni maelezo yaliyo mwisho wa somo.

JINO LIMEJENGWAJE?

Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32. Meno ya mbele ya kukatia ni 8. Chonge ni 4. Magego madogo ni 8. Magego makubwa, pamoja na yale ya mwisho yanayoota ukubwani, ni 12. Jumlisheni: 8 + 8 + 4 + 12 = 32. Mtoto ana meno ya utoto 20.

Jino lina sehemu tatu. Ya kwanza ni gamba la nje. Gamba hili ni gumu kuliko mfupa, lakini likishaharibika halioti tena. Wazee wa baadhi ya makabila ya kusini waliochonga meno zamani walilijua jambo hili. Jino likichongwa limechongwa, halirudi.

Sehemu ya pili iko chini ya gamba. Ni laini zaidi na rangi yake ni ya manjano kidogo. Sehemu ya tatu ni kiini. Humo mna damu na mishipa ya fahamu. Hapo ndipo maumivu makali yanapotoka.

Tufananishe jino na nyumba. Gamba ni bati, sehemu ya pili ni ukuta wa udongo, na kiini ni mwenye nyumba aliyelala ndani. Bati likitoboka, mvua huanza kula ukuta. Mwenye nyumba hajalowa bado, naye hana habari. Siku atakapolowa, ukuta umekwisha kuanguka.

KWA NINI JINO HUTOBOKA?

Wapo wanaosema jino limeliwa na funza. Si kweli. Hakuna funza ndani ya jino. Kinachotoboa jino ni vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hukaa katika utando unaoganda juu ya meno. Tukila sukari, navyo hula. Vikisha kula hutoa tindikali, na tindikali hiyo huyeyusha gamba la jino kidogo kidogo.

Kibaya zaidi ni kula sukari mara nyingi kwa siku. Mtu anayekunywa chai ya sukari asubuhi pamoja na chakula huyapa meno yake nafasi ya kupumzika. Mate husaidia kuyatengeneza. Lakini mtu anayekunywa chai asubuhi, soda saa nne, biskuti saa sita, pipi saa nane na soda tena jioni hayapi meno yake nafasi hata kidogo.

Zamani soda ilikuwa kitu cha sikukuu. Siku hizi fedha za ufuta na korosho zikilipwa kupitia vyama vya msingi, soda na biskuti zinafika mpaka nyumba ya mwisho ya kijiji. Hatusemi watu wasifurahie jasho lao. Tunasema tuangalie ni mara ngapi kwa siku tunafurahia.

NGAZI NNE ZA UBOVU WA JINO

Jambo hili ndilo kubwa kuliko yote katika somo letu. Kila mtu ajifunze kujua jino lake liko ngazi gani.

Ngazi ya kwanza. Kuna doa jeupe lisilong'aa au doa la kahawia. Hakuna tundu wala maumivu. Jino hili huweza kuokolewa kwa kupiga mswaki vizuri na dawa ya meno yenye floraidi, na kwa kupunguza sukari.

Ngazi ya pili. Tundu lipo. Chakula kinanasa. Maji ya baridi au kitu kitamu kikigusa, jino linashtuka, halafu maumivu yanakwisha mara moja. Hili ndilo jino lililoharibika kiasi. Jino hili huzibwa. Msikubali kulipoteza bila kuuliza.

Ngazi ya tatu. Jino linauma lenyewe bila kuguswa. Linauma usiku. Linauma muda mrefu baada ya kunywa kitu cha moto au baridi. Hapo tindikali na vijidudu vimefika kwenye kiini. Kuziba peke yake hakutoshi tena. Jino linahitaji matibabu ya mzizi, au kung'olewa.

Ngazi ya nne. Shavu au ufizi umevimba. Usaha unatoka. Mgonjwa ana homa. Huyu apelekwe kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo. Akishindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua vizuri, msingoje kupambazuke. Uvimbe wa jino ukishuka shingoni unaweza kuziba njia ya hewa na kuua mtu.

Hapa upo mtego unaowanasa wengi. Kati ya ngazi ya tatu na ya nne, jino mara nyingine hunyamaza. Lililouma wiki nzima linaacha kuuma ghafla. Mtu hushangilia, "Limepona!" Jamani, halijapona. Kiini kimekufa, na aliyekufa halii. Vijidudu vinaendelea na kazi chini kwa chini mpaka kwenye mfupa. Jino lililotoboka likinyamaza, hiyo ndiyo siku ya kufunga safari.

NJIA ZA KULITENGENEZA JINO

Sasa tuseme mama mkulima wa Mbekenyera, au mzee wa Kilimarondo, ana jino la ngazi ya pili. Amefika kwa daktari au tabibu wa meno. Atatengenezewa kwa kitu gani? Zipo njia kadhaa.

Njia ya kwanza: saruji nyeupe ya meno. Madaktari huiita glasi ayonoma. Ni unga na maji maji yanayochanganywa papo hapo kama tunavyokoroga saruji ya nyumba. Uzuri wake ni kwamba hushikana na jino lenyewe, na hutoa floraidi kidogo kidogo inayosaidia kulinda jino. Tena haihitaji mashine kubwa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Ubaya wake ni kwamba huchakaa mapema kuliko nyingine inapobeba mzigo mkubwa wa kutafuna.

Njia ya pili: kompositi. Hii ni nyeupe, hufanana sana na jino. Hupakwa ikiwa laini, halafu hugandishwa kwa taa yenye mwanga wa buluu. Inafaa kwa meno ya mbele na hata magego. Lakini inahitaji umeme na mikono ya kazi safi, na jino liwe kavu kabisa wakati wa kuziba. Kwa kawaida bei yake iko juu kuliko saruji nyeupe.

Njia ya tatu: amalgamu. Hii ina rangi ya fedha. Wazee wengi waliozibwa zamani wanayo. Ni imara sana kwenye magego. Lakini haigandi kwenye jino kama gundi, kwa hiyo daktari hulazimika kuchimba hata sehemu nzima ya jino ili ipate pa kushika. Tena karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Zebaki ikitupwa ovyo huharibu maji na udongo. Ndiyo maana mwaka 2013 nchi nyingi ziliafikiana juu ya kupunguza zebaki, katika Mkataba wa Minamata. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 2020. Mwaka 2022 nchi za mkataba zilikubaliana kwamba amalgamu isitumike kwa watoto walio chini ya miaka 15, kwa meno ya utoto, wala kwa mama mjamzito au anayenyonyesha, ila daktari akiona ni lazima. Kama tayari unayo kinywani na haina kasoro, usikimbilie kuitoa. Mwonyeshe daktari naye atakushauri.

Njia ya nne: kofia ya jino. Jino likimeguka sana, kuta zake zikabaki nyembamba, saruji haina pa kushika. Hapo daktari hulivisha kofia ya chuma au ya kitu cheupe kama kigae. Kofia hutengenezwa kwa kipimo cha mtu mwenyewe. Ni ghali na huhitaji safari zaidi ya moja. Mara nyingi hupatikana katika hospitali kubwa za mjini.

Njia ya tano: matibabu ya mzizi. Hii ni kwa jino la ngazi ya tatu. Daktari hukitoa kiini kilichooza, akasafisha mashimo ya mizizi, akayajaza dawa, kisha akaziba juu. Huhitaji picha ya eksirei, na huweza kuchukua zaidi ya siku moja. Jino linabaki, lakini gharama ni kubwa kuliko kuziba tu.

Mmeona, ndugu? Kila hatua tunayochelewa, matibabu yanakuwa marefu na ghali zaidi. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mkulima wa korosho hangoji ubwiri unga umalize maua ndipo apulize salfa. Anapuliza mapema. Kwa jino tufanye vivyo hivyo.

NJIA ILIYOANZIA TANZANIA

Labda mtu atasema: "Hayo ni mambo ya mjini. Kijijini umeme uko wapi? Mashine ya kuchimba meno iko wapi?"

Swali hilo liliulizwa hapa hapa nchini kwetu katikati ya miaka ya 1980. Waalimu wa udaktari wa meno wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliona kwamba vijijini hakuna umeme wala maji ya bomba, na mashine haziwezi kufanya kazi. Matokeo yake watu waling'olewa meno ambayo yangeweza kuponywa. Mmoja wao alikuwa Jo Frencken, daktari wa meno kutoka Uholanzi. Wakajaribu njia nyingine. Badala ya mashine, walitumia vyombo vidogo vya mkono. Waliondoa sehemu laini iliyooza tu, wakaziba tundu kwa saruji ya meno.

Njia hiyo ilifanya kazi. Baadaye ilipimwa vijijini Thailand kuanzia mwaka 1991, na Zimbabwe kuanzia mwaka 1993. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa nchi zote. Leo inatumika katika nchi nyingi, maskini na tajiri. Kumbe jambo lililotafutwa kwa ajili ya mwanakijiji wa Tanzania limewafaa hata watu wa Ulaya!

Kazi yenyewe huendeshwa hivi:

1. Mgonjwa hulala chali, hata juu ya meza au benchi, penye mwanga wa kutosha.
2. Tabibu hupanua mdomo wa tundu, kisha hukwangua uozo laini kwa kijiko kidogo sana cha chuma.
3. Huacha sehemu ngumu na nzima bila kuigusa. Kwa sababu hiyo mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki.
4. Husafisha tundu kwa dawa na pamba, akalikausha.
5. Hukoroga saruji nyeupe, akaijaza ndani ya tundu na kuikandamiza kwa kidole chenye glavu.
6. Mgonjwa huuma ili tabibu aone kama saruji imezidi, naye huipunguza.
7. Mgonjwa hukaa saa moja bila kula.

Kazi imekwisha. Hakuna mashine inayolia, wala damu nyingi. Njia hii hushika vizuri zaidi kwa tundu la upande mmoja wa jino. Tundu likishakula pande mbili au tatu, saruji huweza kuvunjika mapema. Hii ni sababu nyingine ya kuwahi.

Lakini tuelewane. Kazi hii ni ya mtu aliyesomea. Asije fundi wa mtaani na kijiko cha nyumbani akasema naye anaziba meno. Vyombo visivyochemshwa na kutakaswa huweza kuleta magonjwa ya damu, kama homa ya ini na Ukimwi.

KUNG'OA KUNAFAA LINI?

Hatusemi kung'oa ni vibaya. Jino lililobaki kisiki, au lenye usaha lisiloweza kutibiwa, ling'olewe. Litamtesa mtu bure na kumletea hatari.

Lakini jueni hasara ya kung'oa. Jino likitoka, majirani zake huanza kuinama kwenye pengo. Jino la upande wa pili, la juu au la chini, huanza kushuka au kupanda kwa kukosa mwenzake. Kutafuna kunakuwa taabu. Mtu aliyepoteza magego manne hali mihogo mikavu, mahindi ya kuchoma wala korosho kama alivyozoea. Analima korosho, lakini kuzitafuna hawezi. Na akitaka meno ya bandia, atalipa tena.

Wazazi waangalie jambo hili hasa kwa watoto. Mtoto akifika karibu miaka 6, huota gego kubwa nyuma ya meno yote ya utoto. Halisukumi jino lolote, kwa hiyo wengi hudhani nalo ni la utoto. Likitoboka husema, "Acha, litang'oka lote litaota jingine." Halioti jingine! Gego hilo ni la maisha. Mtoto wa darasa la kwanza analiota, na anatakiwa azeeke nalo.

KABLA YA KUFUNGA SAFARI

Tunajua safari ina gharama. Nauli ipo, siku ya kazi shambani inapotea, na mvua ikinyesha njia nazo ni zile tunazozijua. Basi tusiende kubahatisha. Anzeni kwenye zahanati au kituo cha afya cha karibu. Mwombeni mganga awaulizie hospitali ya wilaya, ya Nachingwea au ya Ruangwa, mambo haya:

1. Siku gani daktari au tabibu wa meno yupo?
2. Je, vifaa vya kuziba vipo, au kwa sasa wanang'oa tu?
3. Gharama ya kuziba ni kiasi gani, na ya kung'oa ni kiasi gani?
4. Kadi yangu ya bima ya afya inalipa kuziba?

Mkifika mbele ya daktari, msiseme "ning'oe". Semeni hivi: "Daktari, jino hili linatengenezeka?" Kuuliza si utovu wa adabu. Jino ni lako. Akisema haliwezekani, mwombe akueleze sababu. Akisema linawezekana lakini vifaa havipo, muulize vitapatikana wapi na lini, na kama jino lako linaweza kungoja.

Wanakijiji wakiuliza kuziba, hospitali itaona kwamba kuziba kunahitajika. Wakiuliza kung'oa tu, koleo litaendelea kuwa chombo cha kwanza mezani. Jambo hili mwaweza kulifikisha kwenye kamati ya zahanati na kwenye mkutano wa kijiji. Omba siku maalumu ya tabibu wa meno kutembelea kijiji au shule.

MAMBO YA KUACHA

Msitie ndani ya tundu maji ya betri, mafuta ya ganda la korosho, tumbaku, petroli wala dawa ya wadudu. Mnajua ganda la korosho linavyobabua mikono wakati wa kubangua. Litaacha kubabua ulimi na ufizi? Msibandike kidonge kwenye ufizi. Kidonge humezwa kwa maji. Msinunue dawa za kuua vijidudu dukani na kumeza mbili tatu kisha kuacha. Dawa hizo haziwezi kujaza tundu.

JINO LIKISHA KUZIBWA

Jino lililozibwa si jino la chuma. Linaweza kutoboka tena pembeni mwa saruji. Pigeni mswaki mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku kabla ya kulala, muda wa dakika mbili. Mswaki wa mti ulio laini nao unafaa, ila tumieni na dawa yenye floraidi. Mtoto wa chini ya miaka 3 atiwe dawa kiasi cha punje ya mchele. Mwenye miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya mbaazi. Mkimaliza temeni povu, lakini msisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki ikifanya kazi.

Msifungue soda kwa meno. Saruji ikivunjika au ikitoka, rudini mapema kabla maumivu hayajaanza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja ngazi nne za ubovu wa jino. Ni ngazi gani kuziba peke yake kunatosha?
2. Kwa nini jino lililoacha kuuma lenyewe si jino lililopona?
3. Mtu alikuwa na meno 32. Aling'olewa magego makubwa 5 na dogo 1. Amebakiwa na meno mangapi? Kati ya hayo, magego makubwa ni mangapi?
4. Kila mmoja ahesabu: jana ulikula au kunywa kitu chenye sukari mara ngapi? Wewe utapunguza ipi?
5. Tazameni vinywa vya watoto wenu wenye miaka 6 na 7 penye mwanga wa jua. Je, gego la maisha limeota? Lina doa au tundu? Mtafanya nini, na lini?

MANENO MAPYA

Floraidi: madini yanayoimarisha gamba la jino.
Ganzi: dawa ya kuondoa maumivu sehemu moja ya mwili kwa muda.
Kiini: sehemu ya ndani ya jino yenye damu na mishipa ya fahamu.
Tindikali: maji makali yanayokula au kuyeyusha vitu.
Zebaki: madini mazito yaliyo maji maji kama fedha iliyoyeyuka, ni sumu.

Ndugu wasomaji, leo jioni chukueni kioo na tochi. Tazameni magego yenu moja moja. Atakayekuta tundu lisilouma ashukuru, kwa maana huenda bado yuko ngazi ya pili. Asingoje mnada ujao wa ufuta. Aende sasa.